Sombe Juu ya Loima

Simu ndiyo iliyowakutanisha, tena simu ya watu. Katika kibanda cha kuchaji pale sokoni Kakuma, katikati ya wauza nyama na vumbi la pikipiki, Nyaruach alichomoa kwa kukosea simu isiyo yake akaenda zake. Hajafika nyumbani ikalia, na sauti nzito ya mwanamume ikamuuliza kwa upole, "Mupenzi, unaenda wapi na simu yangu?" Alicheka hadi akakaa chini. Firmin, Mkongo mrefu aliyeimba besi kwenye kwaya ya vijana, akaja kuifuata, na tangu siku hiyo hakuacha kuja.

Mwaka mzima walipendana, na mwaka mzima Nyaruach hakutia tonge mdomoni mbele yake. Akinunuliwa sambusa, ameshiba. Akikaribishwa chakula, tumbo linamuuma. Kwao Wanuer, msichana hali mbele ya kijana anayeweza kumwoa. Hula na ndugu zake tu, na mposaji naye hali kwa wakwe. Firmin hakulijua hilo, na Nyaruach angemwambiaje? Kulitamka ni sawa na kujiposa mwenyewe, na haya ilimfunga mdomo. Sasa maji yalikuwa yamefika shingoni. Jumatatu baba yake mdogo, Makuei, angefika kutoka Juba kutaka jibu kuhusu tajiri mmoja wa ng'ombe wa Bentiu aliyetaka kumwoa. Firmin alikuwa ameapa kwamba kwaya ikirudi kutoka matembezini, kesho yake angekwenda kwa shangazi yake Nyaruach kupeleka posa.

Matembezi yalikuwa Jumamosi ya mwanzo wa Septemba, na Nyaruach na binamu yake Chol walialikwa. Ijumaa walilala Lodwar, alfajiri wakapelekwa hadi milima ya Loima. Akaale, Mturkana aliyezijua njia za msitu, akawasalimu ejok akatangulia. Chini ya mierezi kulikuwa na baridi ambayo watu wa Kakuma hawakuitarajia. Nyaruach alivaa gauni la manjano na raba kubwa za Chol, na Firmin alimtania njia nzima kwamba anatembea kama bata.

Adhuhuri waliketi kula. Firmin alifunua sufuria ndogo ya sombe, majani ya muhogo aliyoyapika mwenyewe kwa mawese, akamwekea Nyaruach mbele ya wote. Nyaruach akatikisa kichwa. Mwanakwaya mmoja, Jean-Luc, akauliza kama dada anaogopa sumu, na watu wakacheka. Firmin hakucheka. Baadaye njaa ilipomzidi, Nyaruach alijibanza nyuma ya mti akamega mkate aliopewa na Chol. Alipoinua macho, Firmin alikuwa amesimama pale.

"Cha Chol kinalika," alisema. "Changu miye, hapana. Mwaka muzima unaniona miye muchafu. Basi. Tukifika Lodwar nashuka, naenda kwa kaka yangu Nairobi."

Akachukua sufuria yake, akampa mgongo, akapanda njia peke yake.

Nyaruach alipiga simu. Iliita bila kupokelewa, kisha mtandao wenyewe ukakatika. Akakimbia, raba zikimpwaya, matawi yakimchana mikono, akiita jina ambalo msitu haukulijibu. Moyo ulimwambia kwamba amempoteza, na kwamba amempoteza kwa adabu yake mwenyewe. Alilia huku anakimbia, bila kujali nani anamwona.

Alimkuta kwenye ukingo wa mwamba, anatazama tambarare ya Turkana iliyowaka jua huko chini. Hakugeuka. Alisukuma tu sufuria upande wa Nyaruach.

"Kama unanipenda, kula."

Nyaruach alipiga magoti. Alichota kwa vidole, akapeleka tonge hadi midomoni. Alitamani kulimeza, amalize ugomvi, amwone Firmin akitabasamu tena, hata kwa siku moja. Akalirudisha.

"Nikikula sasa, utafurahi," alisema, machozi yakimtiririka. "Lakini kwetu, msichana anakula mbele ya ndugu yake tu. Chol ni ndugu. Nikikula mbele yako, na wewe umekuwa ndugu. Nitaenda Bentiu, na wewe utaimba kwa harusi yangu. Ndio unataka?"

Haya ilikuwa imemwisha. Alikuwa amejiposa.

Firmin akageuka, macho mekundu, akamfuta shavu kwa kiganja na kumsogezea sufuria karibu zaidi. Nyaruach alidhani hakumwelewa. Lakini Firmin aliketi, akajizungusha polepole, akampa tena mgongo wake mpana.

"Kula, mupenzi," alisema akiitazama tambarare. "Miye sioni."

Nyaruach alikula akilia. Sombe ilikuwa imepoa na chumvi imezidi, naye aliikomba hadi chini.

"Na kesho kwa shangazi usikule kitu," aliuambia ule mgongo, mdomo umejaa. "Hata ukifa njaa."