Mawe Tisa ya Kisimani

Mawe tisa hayakukauka.

Fundi aliyaona asubuhi alipokuja kumalizia ukingo. Njia yote aliyoitandaza kutoka getini hadi barazani ilikuwa kavu, mawe yamekaa sawia kwenye mchanga, isipokuwa yale tisa yaliyo karibu na mlango. Yalimeta kama mgongo wa chura.

Mwenye nyumba, mwalimu mstaafu aliyetaka uwanja upendeze kabla wakwe wa bintiye hawajaja, alimgeukia dada wa kazi.

"Umemwaga maji hapa?"

"Hapana, mama. Leo sijagusa hata ndoo."

"Kwa hiyo yamejimwaga."

Dada alimtazama fundi. Fundi alikuwa amepiga goti, mwiko mkononi, na alijua. Mawe yalikuwa yamemwishia, na badala ya kurudi machimboni akaenda kuyang'oa ya kisima cha kale nyuma ya mtaa, kisima ambacho hata walevi walikikwepa. Angesema angeonekana mwizi. Akainama, akaendelea kupiga ukingo.

Siku ya pili ikaja harufu, ya maji yaliyolala gizani miaka mingi. Siku ya tatu, jua la utosi, wakasikia mtu akitembea nje, chwa, chwa, na walipochungulia hapakuwa na mtu, ila nyayo mbichi juu ya mawe, na zote zilikuwa za mguu wa kulia.

"Unanichezea, wewe," mwalimu alimwambia dada. "Funga mizigo yako."

Dada alipita na begi lake juu ya njia ile. Fundi akasogea kumpisha. Hilo tu ndilo alilofanya.

Alasiri hiyo mwalimu alikaa kunywa chai na kaka yake, fundi akifagia mchanga nje ya dirisha, na nyayo zikaanza tena, taratibu, zikapita jiwe la saba na la nane na la tisa, zikapanda baraza, zikaingia ndani bila mlango kufunguka, harufu ikajaa hadi macho yakawachoma, na kikombe kikamponyoka mwalimu, na kinywa chake kikafunguka kikatoa sauti ya kiume iliyojaa maji: "Mlango wangu mmeufanya pa kufutia viatu."

Kaka mtu alikwenda mbio kumwita mganga, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya chini. Mganga alimshika mwalimu mkono.

"Unataka nini, mwenyewe?" alinong'ona.

"Aliyechukua aseme."

Mganga aliwatazama mmoja mmoja. "Mawe haya kayaleta nani?"

Fundi, pale dirishani, aliuweka ufagio chini. "Ni mimi," alisema. "Nimeyatoa kisimani. Nilijua tangu siku ile. Yule dada hakumwaga kitu."

Kaka mtu aligeuza uso, kama anayeona mtu yuko uchi.

Fundi aliyang'oa kwa mikono, akayabeba moja moja begani kupita mtaa mzima, mchana kweupe, majirani wamesimama milangoni. Kila jiwe lilikuwa zito kuliko lililotangulia. Alipoliweka la tisa, sauti ikapanda kutoka chini.

"Yangu nimepata. Ya yule binti aliyefukuzwa je?"

Nyumbani mwalimu alikuwa amezinduka, harufu imekwisha, akaagiza kutoka barazani dada arudishwe. Fundi hakuingia. Aliuliza njia, akaenda hadi kwa shangazi yake dada, akamkuta anafua.

"Nimekuja kukuomba radhi," alisema. "Jini ametoka. Mama anataka urudi."

"Ulijua siku ile ile?"

"Nilijua."

Dada aliikamua nguo hadi tone la mwisho, akaianika, akanyoosha pindo zake.

"Jini simjui, kaka, wala hanijui," alisema. "Lakini wewe nilikutazama, nikakungoja useme."

Akachukua beseni lake, akaingia ndani. Fundi alibaki uani, mikono imejaa tope la kisimani, asijue aiweke wapi.