Maelezo ya Nosakhele

Kochi la kijivu karibu na mlango lilianza kunuka mafuta ya taa siku ya Jumatano, saa tisa alasiri. Mama Ntshona, msimamizi wa duka, alilisugua kwa sabuni. Alhamisi, saa tisa, harufu ikarudi.

"Sajini, kuna mteja kamwaga kitu hapa?"

"Sijaona mtu, mama," alijibu Zolani Mbekeni, akipiga mwayo.

Zolani alikuwa polisi wa mji wa Komani. Siku nne alikuwa zamu kituoni, na siku nne za mapumziko alilinda duka hili la samani. Alichoka hata akajifunza kusinzia amesimama. Mkuu wa kituo alimpa ruhusa kwa barua, na barua ilisema wazi kwamba kazi ya pembeni haimvui polisi kiapo chake. Zolani aliitia saini bila kumaliza kuisoma.

Ijumaa alimwona. Mwanamke alikuwa ameketi kwenye kochi, mikono magotini, kilemba chake kimeungua upande mmoja. Zolani alimfahamu. Wiki mbili nyuma alikuja mlangoni hapa, mzima, akanong'ona: "Kaka, si wewe yule wa kituoni? Mume wangu kanunua mafuta ya taa, anasema leo ataniunguza. Niandikie maelezo."

Naye alimjibu nini? "Dada, leo mimi mlinzi wa makochi tu. Nenda kituoni, utawakuta walio zamu."

Kituo kilikuwa ng'ambo ya mji. Hakufika. Usiku ule kibanda chake cha mabati kiliteketea, na faili likaandikwa kuwa jiko lililipuka. Mumewe, Mziwakhe, ndiye aliyelia kuliko wote mazishini.

Zolani alifumba macho. Alipoyafumbua kochi lilikuwa tupu, lakini lilikuwa la moto, na mto wake ulikuwa ungali umebonyea, ukiinuka polepole kama mtu aliyekuwa ameukalia ndio kwanza anaondoka.

Harufu ilimfuata nyumbani. Alfajiri ya Jumamosi bintiye Siphe, mwenye miaka sita, aliamka akikohoa, akakohoa mpaka akashindwa kusimama, na alipotema kwenye beseni mate yake yalikuwa meusi kama masizi.

"Baba," alisema, "yule mama anauliza utaandika lini."

Asubuhi hiyo Mama Ntshona alimleta dukani mganga, bibi mmoja aliyeitwa MaBhele. Bibi alifukiza majani yake, akalizunguka kochi mara moja, kisha akauzima moshi.

"Umemaliza?" Mama Ntshona alinong'ona.

"Sijaanza. Huyu hafukuzwi." Akamgeukia Zolani, akamwita kwa jina la ukoo wake. "Radebe, huyu hajui ratiba zenu. Anajua wewe ni polisi. Mwandikie."

"Bibi, nikiandika, itabidi niandike pia kwamba alinijia nikamrudisha. Watanivua magwanda."

"Basi acha. Kesho mtoto atatema nini?"

Zolani alipapasa kijitabu mfukoni.

"Mwandikie, Sajini," Mama Ntshona alisema. "Ama unataka niwauzie mizimu makochi?"

Saa tisa harufu ilipoingia, kali hata macho yakatoka machozi, Zolani alivuta kigoda akaketi mbele ya kochi, akafungua kijitabu chake, na kwa sauti ileile ya uchovu aliyowaulizia watu maelfu kituoni akamuuliza yule asiyekuwa na kope wala nyusi jina lake kamili, na sauti kavu kama majivu ikamjibu, Nosakhele, ikaendelea kumweleza nani alinunua mafuta, nani alifunga mlango kwa nje, nani alisimama barabarani akitazama.

Aliandika yote. Kisha akamsomea, kama sheria inavyotaka, hadi mstari wa mwisho: *Alinijia mimi kwanza, nikamwambia sipo zamu.*

Mwanamke akabonyeza kidole gumba. Karatasi ikaungua duara dogo. Harufu ikakatika.

Zolani akashusha pumzi. Jioni hiyo angeyapeleka maelezo kituoni, na huenda asirudi tena kule kama polisi. Angalau Siphe angelala. Akainua kichwa.

Makochi yote ya duka yalikuwa yamejaa. Watu waliketi kimya, bega kwa bega, mmoja akichuruzika maji, mwingine ameshika koo lake, wakimtazama kwa subira ya waliozoea foleni.

Mzee wa mbele alivua kofia.

"Afande," alisema kwa upole, "tumesikia wewe unaandika."