Meno ya Murielle Yalikuwa Tayari

Simu ya Alexis ililia mezani, mwenyewe yuko bafuni anaoga. Murielle hakuzoea kugusa simu ya mumewe, lakini kwenye skrini palisomeka: KLINIKI YA MENO RANDBURG.

Akapokea, mkono mmoja ukiziba mdomo kana kwamba aliyepiga angemwona.

— Haloo, mume wa Murielle? Ni Daktari Mwende.

— Ni mie mwenyewe, Murielle.

Yule daktari Mkenya akashusha pumzi.

— Dada! Hatimaye. Mbona unatukimbia?

— Kukimbia? Bwana yangu alisema ulimpigia, eti picha imeonyesha mfupa wa taya haujashika zile skrubu za kushikilia meno mapya. Nisubiri.

— Hapana. Mfupa ulishika vizuri sana. Meno yako yametengenezwa, yako hapa tangu Pasaka. Kila nikikupangia siku, mumeo anaahirisha. Anasema unaogopa.

— Na yale ya muda, ya kuvaa na kuvua? Yalivunjika, akayaleta kwako.

— Niliyatengeneza, akaja kuyachukua mwenyewe. Hakukupa?

Murielle akakaa chini taratibu.

Taksi aliyopanda ilikuwa imevuka robot, taa ya barabarani, ikiwa nyekundu pale Bertrams, ikagonga lori. Meno yake manne ya mbele yaling'oka, na simu yake ikapondeka. Tangu hapo aliacha saluni alikokuwa akisuka watu nywele, akaacha na kwaya. Alishinda kwenye fleti yao ya Berea, ghorofa ya tisa, akitazama watu wadogo barabarani. Alexis alimletea uji, akamwambia: “Usishuke, chérie, mpenzi wangu, watakucheka.” Naye akamshukuru Mungu kwa mume wa namna hiyo.

Alexis akatoka bafuni na taulo kiunoni.

— Nani alipiga?

— Daktari. Meno yangu yako wapi, Alexis?

Uso ukamshuka.

— Ulipokea simu yangu?

— Nimekuuliza meno yangu yako wapi! Yale ya muda!

Maneno yalimtoka yakipiga mluzi kwenye pengo. Safari hii hakuziba mdomo.

— Niliyatupa.

— Uliyatupa?

— Eish, Mu, nielewe. Ulikuwa ukicheka saluni, wanaume wanasimama mlangoni. Ukiimba kanisani, kila jicho liko kwako. Mie nalinda geti la watu kutwa nzima, najiuliza leo nikirudi nitamkuta? Baada ya ajali, nikirudi nakukuta. Nikaanza kupata usingizi.

— Na mie je? Nalala kwa tumbo nikilia ili usinione uso!

— Nakupenda, Mu.

— Najua. Umenipenda mpaka ukanifungia ndani.

Akavuta mkoba. Alexis akamtangulia mlangoni, akaegemea kitasa.

— Hutoki hivyo. Watu watakuona.

— Waone.

— Murielle, hutoki!

Simu ya Alexis bado ilikuwa mkononi mwa Murielle. Akampigia dada yake mkubwa, Clémentine, akafungua sauti isikike chumbani.

— Yaya, ni mie. Alexis amesimama mlangoni, hataki nitoke.

— Nini? Alexis, unanisikia? Nakuja sasa hivi na shemeji zako. Tukikuta mlango umefungwa, jengo zima litajua!

Alexis akaachia kitasa. Kisha akasogea, Murielle akaiacha simu mezani, akatoka.

Kesho yake, kule Randburg, Daktari Mwende alikaza jino la mwisho, akampa kioo.

— Haya, dada, jione.

Murielle alijitazama, akagusa kwa ulimi. Akacheka, akalia, akacheka tena, Clémentine akimshika bega.

Siku hiyohiyo ujumbe ukaingia kwenye simu ya Clémentine:

“Shemeji, mwambie Mu arudi. Nimekosa. Sitamzuia tena.”

Hakujibiwa. Jumamosi akaja mwenyewe Bertrams, nyumbani kwa Clémentine alikohamia Murielle, akasimama nje ya geti na sare yake ya ulinzi. Murielle akatoka nyumbani, akasimama ndani ya geti. Alexis alipoona yale meno, akainamisha kichwa.

— Yamekupendeza.

— Asante.

— Nilijua yangekupendeza. Ndiyo maana niliogopa.

Murielle akashika komeo la geti. Moyo ulimuuma; huyu alikuwa mume wake, na bado alimpenda.

— Utarudi, Mu?

— Labda nitakusamehe, Alexis. Sijui lini. Ukitaka kuzungumza na mie, njoo tukae hapa nje, watu wakituona. Lakini kule ndani ya fleti sirudi.

Akalifungua geti, akampita, akaelekea barabarani.