Mbegu ya Mama na Mkoba wa Spana

"Haya ni maziwa au maji ya kuoshea vyombo?" Profesa aliinamisha kopo, na maziwa yakachuruzika sinki lote.

"Hayajaganda, Profesa."

"Naona hayajaganda, binti. Macho ninayo. Nakuuliza kwa nini."

Mimi kushindwa na maziwa ni aibu. Wenzangu maabara wananiita Mama Mgando. Bakteria ninaowatafiti sikuwanunua dukani. Niliwatoa kwenye kibuyu cha kugandishia maziwa cha marehemu mama yangu, wiki ile tuliyomzika, ndugu walipokuwa wanataka kukitupa. Ukiwatazama kwenye darubini ni vijiti vidogo vidogo. Wanakula sukari ya maziwa na kutoa asidi. Asidi hiyo ndiyo inayogandisha maziwa na kuvitimua vijidudu vya kuozesha. Profesa alitaka tuwajaribu siku moja kwa watoto wanaosumbuliwa na tumbo. Mimi nilikuwa na sababu yangu. Kati ya vyote alivyoacha mama, hawa tu ndio walikuwa bado hai.

Na sasa walikuwa wanafia mikononi mwangu.

"Labda ng'ombe alichomwa sindano," Fundi alisema, kichwa kikiwa ndani ya kabati la joto alilokuwa analitengeneza. Fundi ndiye anayeshughulikia mashine zote za maabara. Ndiye pia mchumba wangu, na kadi za harusi zilishagawiwa. "Dawa ikiingia kwenye maziwa, bakteria si wanakufa?"

"Nimeshapima. Hayana dawa."

"Basi umechoka, mpenzi. Nenda kapumzike, uso umekuwa mdogo kama wa ndege."

Nikacheka. Ndivyo alivyokuwa, anakufuta machozi kabla hayajatoka.

Simu ikaita. Dada yangu, mkubwa wangu wa tumbo moja, mwenye kiwanda cha maziwa nje kidogo ya mji.

"Mdogo wangu wa mimi! Nina swali la kijinga."

"Uliza, dada."

"Kuna rafiki yangu, maziwa yake yanakataa kuganda. Tangi zima! Jana yaliganda, leo yamegoma. Dawa yake nini?"

"Anatumia mbegu gani ya kugandishia?"

"Mbegu... za kawaida tu. Za dukani."

"Mwambie aoshe tangi kwa klorini, atumie mbegu nyingine."

"Akiwa hana nyingine?"

"Za dukani hazijaisha duniani, dada. Anunue."

"Haya, usikasirike, bibi harusi. Msalimie shemeji yangu."

Nikakata simu, nikarudi mezani. Bakteria wangu nilikuwa nimewapanda kwenye sahani ya kioo, wakaota kama ukungu. Juu ya ule ukungu nikadondosha tone la maziwa yaliyogoma. Asubuhi iliyofuata, pale lilipodondoka tone pakawa na tundu jeupe, safi, kama mtu amelamba.

Profesa alitazama, akavua miwani.

"Virusi."

"Vimetoka wapi?"

"Hilo ndilo swali. Virusi hivi havimgusi mtu wala ng'ombe. Chakula chake ni bakteria wa aina moja tu, hawa wako. Na ili vizaliane kwa wingi huu, lazima mahali fulani wawepo bakteria wako matangi kwa matangi. Una matangi, binti?"

"Nina vichupa, Profesa."

"Basi kuna mwenye matangi. Na kuna anayekwenda kule na kurudi hapa bila kuoga."

Sheria ya maabara yetu imeandikwa mlangoni kwa herufi kubwa: anayetoka kiwanda cha maziwa haingii hadi aoge, abadili nguo, na vifaa vyake vifutwe kwa klorini. Kila mtu anaijua. Lakini ili uitii, lazima kwanza useme umetoka wapi.

Mchana Fundi alitoka kwenda kula, akaacha mkoba wake wa spana chini ya meza. Niliutazama sana. Moyo uliniambia acha, mikono ikasema pima. Nikapangusa chini ya mkoba kwa pamba yenye maji safi, nikaikamua juu ya sahani mpya ya bakteria.

Kesho yake ile sahani ilijaa matundu kama chujio.

Nikamtumia ujumbe: "Uko wapi, mpenzi?"

Akajibu: "Nimekuja kuazima msumeno kwa rafiki. Nakupenda kuliko pumzi yangu."

Nikakumbuka tangi la yule rafiki wa dada, nikakodi pikipiki hadi kiwandani kwake.

Wafanyakazi walikuwa wamekaa nje wameshika tama. Ndani, matangi yote yalikuwa yamejaa maziwa mepesi, hayanuki uchachu hata kidogo. Nikapita moja kwa moja hadi ofisini. Mlango ulikuwa umefungwa, na mbele yake yamekaa mabuti ya Fundi, yamepangwa vizuri kama ya mwenye nyumba.

Nikagonga.

"Nimesema nisisumbuliwe!" Sauti ya dada.

"Ni mimi."

Ilichukua muda. Dada alipofungua, vifungo vya blauzi yake vilikuwa vimepishana. Nyuma yake Fundi alikuwa anatafuta soksi.

"Umepata msumeno?" nikamuuliza.

"Mpenzi, usifikirie vibaya, nilikuja kutengeneza—"

"Ulitengeneza kifungo kipi? Maana vyote vimekaa upande."

Dada akaketi kwenye kiti chake kikubwa. Hakuona haya. Dada yangu haya aliiacha tumboni, nikaizoa mimi.

"Mdogo wangu, tusipigiane kelele. Ndiyo, aliniletea kichupa cha mbegu ya mama. Mama alikuwa wako peke yako?"

"Ungeniomba."

"Nikuombe? Siku ya msiba ulibeba kibuyu kama umepewa urithi, mkubwa wako nipo nakutazama! Mama alikuwa wetu sote."

Hapo alinipata. Lilikuwa neno la kweli kwenye mdomo wa mwongo, nami sikuwa na pa kulikwepa.

"Sasa zimekufa," akaendelea, sauti imelainika. "Matangi yote. Wateja wameanza kunikimbia. Fundi anasema kuna mbegu safi kwenye jokofu la Profesa, na ufunguo hautoki mkononi mwako. Nipe, mdogo wangu. Nisipoipata nafunga milango."

Nikamtazama yule mwanaume. Hata mahali pa kuiba mara ya pili alishapaonyesha.

"Nitakupa," nikasema.

Wote wawili wakainua vichwa.

"Osha kiwanda kizima kwa klorini, hadi sakafu. Halafu nitakuletea mwenyewe. Lakini virusi vinatembea na huyu. Huku alivichota, kule akavimwaga. Kwa hiyo asikanyage tena maabara, wala hapa, wala kwako. Nikisikia yupo, sikupi hata tone. Chagua, dada. Mbegu au yeye."

Nilijua atalia. Nilijua atamshika mkono, aseme moyo hauna kiongozi, na mimi niondoke nikiwa nimeumia lakini nimeelewa.

"Mbegu," dada akasema.

Hakupepesa hata kope.

"Mpenzi?" Fundi akamgeukia. Jina langu lile, akampa yeye mbele yangu.

"Mpenzi nini? Fundi wa mashine nitapata leo hii hii. Mbegu ya mama nitaipata wapi?"

"Ulisema unanipenda!"

"Nilisema, ukaleta kichupa. Sasa ulitaka nini tena?"

Akanigeukia mimi, soksi moja mkononi. "Mama Mgando, twende nyumbani tukaongee. Shetani tu alinipitia."

"Shetani hana mabuti," nikamjibu. "Yako yako nje, kayavae."

Akatoka. Tulimsikia mlangoni akihangaika na kamba za buti, anavuta pua, hadi hatua zake zikapotea uani.

Nilibaki nimesimama. Kilichonikata maini si wizi. Ukiibiwa na mwenye njaa, unaweza kusema basi, alihitaji. Mimi niliibiwa na aliyeshiba. Alionja, akatema.

"Dada, ulimtaka hata kidogo?"

Alifikiri kwa dhati, kama mtu aliyeulizwa bei ya kitu alichokwisha kutupa.

"Hapana, mdogo wangu. Alikuwa mlango tu wa kufikia jokofu lako." Akafungua vifungo, akavifunga upya, safari hii sawasawa. "Klorini itachukua wiki yote. Utaniletea Jumamosi? Una nafasi Jumamosi?"

Jumamosi ilikuwa harusi yangu.

"Ndiyo, dada," nikasema. "Jumamosi nina nafasi."