Kompaila ya Musimbi

Mvua ya asubuhi ilikuwa imekatika, na uwanja wa maonyesho ya kilimo pale Eldoret ulijaa watu na matope. Javan Sifuna alisimama mbele ya mashine ya kukausha mahindi, suti ya buluu imemkaa vizuri mabegani, kipaza sauti mkononi, akiusifia umati mashine iliyokuwa imekataa kuwaka.

"Dakika moja tu, wakulima wetu!" alisema, jasho likimtoka. "Inapasha mwili moto!"

Watu wakacheka. Msichana mrefu aliyevaa gauni la manjano na gambuti zilizojaa tope akapenya mpaka mbele.

"Haipashi chochote," alisema. "Feni imekwama kwa maagizo ya kompyuta iliyo ndani. Wacha niangalie."

"Madam, hii si simu."

"Na wewe si fundi. Songa."

Aliitwa Linah Musimbi. Alisomea kompyuta chuoni, akakosa ajira, akafungua kibanda cha kutengeneza vifaa vya umeme mtaani Huruma. Alitoa laptop kwenye begi, akachomeka waya, na skrini nyeusi ikafunguka, haina picha wala rangi. Akaandika: *kama unyevu umezidi, washa feni*. Chini yake akaandika amri moja fupi, akabonyeza. Papo hapo pakatokea maandishi mengine, yamejaa mabano na alama ambazo Javan hakuzielewa.

"Hiyo ya pili ni nini?"

"Hiyo ni C, lugha ya kompyuta. Kutoka C mpaka kwa chipu ya mashine yako, njia ilitengenezwa zamani. Mimi nilitaka tu mtu aweze kuanza na Kiswahili. Kwa hivyo niliandika kompaila. Unaipa Kiswahili, inakutolea C."

"Uliiandika wewe?"

"Unaona mwingine hapa?"

Musimbi akaituma kwenye mashine, na feni ikaunguruma. Wakulima wakapiga makofi. Javan akasahau wakulima, akaomba namba ya simu.

"Ya nini? Mashine si imewaka?"

"Mashine imewaka. Mimi ndio nimezimika."

Musimbi alitaka kukaza uso, akashindwa. Akampa.

Tangu hapo simu zikawa haziishi.

"Mrembo, umekula?"

"Nimekula. Na wewe mbona sauti iko na usingizi?"

"Si usingizi. Nimekumiss mpaka imekauka."

"Kunywa maji basi."

Javan alikuwa amepanga nyumba nzuri mtaa wa West Indies, lakini Jumamosi zake alizimaliza Huruma, ameketi kwenye stuli ya kibanda na mahindi ya kuchoma mkononi, akimtazama Musimbi akirekebisha kompaila yake. Alimuuliza maswali, na Musimbi, ambaye hakuwahi kupata mtu wa kumuuliza, alijibu yote. Alimfundisha amri. Alimwonyesha pale alipokwama miezi mingi, na pale alipolia. Siku moja akamwekea Javan kompaila nzima kwenye laptop yake Javan, mstari kwa mstari jinsi alivyoiandika.

"Hakuna mtu mwingine ako na hii, Javan."

"Nitamwonyesha bosi, Madam Nasteha. Akiipenda, nakuita uje uieleze mwenyewe."

"Unasema ukweli?"

"Haki ya Mungu, Musimbi." Akambusu kwenye paji la uso, na Musimbi akamwamini.

Wiki zikapita. Kila alipouliza, jibu lilikuwa lile lile: "Bosi hajapata nafasi, babe. Vumilia kidogo."

Kisha adhuhuri moja Bridgit, rafiki aliyekuwa akiishi naye chumba kimoja, akampigia simu kutoka hoteli ya mjini alikokuwa mhudumu. Alikuwa ananong'ona.

"Linah, Javan wako ako hapa na wageni wa kampuni yao. Anaonyesha kitu kinafanana na ile yako."

"Haiwezekani. Ameniambia ako Moi's Bridge kwa baba yake."

"Mimi namwona na macho yangu. Usimpigie. Kuja."

Alikwenda na koti lake la kazi, limeungua hapa na pale kwa solda. Ukumbi ulinukia kahawa. Javan alikuwa mbele, amevaa shati jeupe ambalo Musimbi ndiye aliyemchagulia, na nyuma yake, kwenye skrini kubwa, yalikuwa maneno ya Musimbi. *Kama unyevu umezidi, washa feni.* Javan akabonyeza, C ikatoka. Akaiamuru kompaila ijitaje. Mahali ambapo Musimbi aliandika jina lake mwenyewe, palisomeka: *Imeandikwa na Javan Sifuna*.

Makofi yakalia. Madam Nasteha, mwenye kampuni, akasimama na hijabu yake ya kijivu, uso umechangamka.

"Hongera, Javan. Uliiandika na nani?"

Javan akainua macho, yakagongana na ya Musimbi pale mlangoni. Akaendelea kumtazama. Nafasi ya kutaja jina ilikuwepo, tena kubwa. Mpaka wageni wengine wakageuka kuangalia anatazama nini.

"Peke yangu, Madam," alisema.

Musimbi alitoka, kwa sababu hakuuamini mdomo wake. Javan alimfikia nje, kwenye maegesho ya magari, akihema.

"Babe, nisikize. Wangeuliza wewe ni nani. Hawa watu hawanunui kitu cha kibanda cha Huruma. Nikipanda cheo ni sisi wawili tumepanda. Nilikuwa nikuambie."

"Ulikuwa uniambie lini? Ukitoka Moi's Bridge?"

"Musimbi..."

"Jina langu ulilifuta mwenyewe, na vidole vyako. Hiyo ningejilazimisha kuelewa, ningesema ni tamaa. Lakini uliniona, Javan. Uliniona nimesimama hapo, halafu ukasema peke yako."

Javan akanyoosha mkono amshike. Musimbi akarudi nyuma kama mtu aliyeguswa na waya.

Simu zake hakuzipokea tena. Kibanda alikifungua, lakini laptop haikufunguliwa. Kila alipoigusa alikumbuka maswali yale ya Jumamosi, na akajiuliza ni lipi lililoulizwa kwa mapenzi.

Hatimaye ikaja simu ya namba ngeni.

"Ni Linah Musimbi? Naitwa Nasteha. Javan amekuja ofisini akanieleza yote mwenyewe. Nimemwachisha kazi. Sasa nataka kuongea na mwenye kompaila, akikubali."

Alikubali. Alikwenda, akaielezea kwa kinywa chake, na kampuni ikaichukua kwa jina lake. Alitarajia kwamba siku hiyo moyo utatulia. Haukutulia.

Jumapili moja mchana, watu wakitoka kanisani, Javan alifika mlangoni pake Huruma. Alikuwa amekonda. Alifungua kiganja, pete imo ndani.

"Sina kazi, narudi Moi's Bridge kulima na mzee. Lakini nimesema ukweli, Musimbi. Nikuoe, kama bado kuna nafasi."

"Ulisema ukweli, na nashukuru. Ulisema kwa bosi wako, mimi nikiwa sipo."

"Niliogopa."

"Najua. Na siku nyingine utaogopa tena, na mimi nitakuwa mke wako nimesimama mlangoni."

"Hunipendi tena?"

"Nakupenda," alisema Musimbi, na machozi yakamshuka. "Ndiyo maana inauma hivi."

Akakikunja kile kiganja juu ya pete, kidole kwa kidole, akakishika kidogo, akakiachilia. Javan akaondoka akiruka madimbwi, mpaka nguo zilizoanikwa njiani zikamficha.

Bridgit akatokeza kichwa kutoka ndani. "Ameenda?"

"Ameenda."

"Na wewe?"

Musimbi alifuta uso kwa mkono wa gauni. "Mimi niko," alisema, akaingia ndani.