Sauti ya Pili kwenye Santuri ya Ndalahwa

Novemba 1976, santuri ya Ndalahwa ilifika madukani Mwanza. Ilikuwa na nyimbo nane. Aliziimba zote peke yake, lakini katika wimbo wa tatu wanunuzi walisikia watu wawili.

Wa kwanza kumwambia alikuwa Longino, Mhaya aliyempigia besi. Alifika nyumbani kwa Ndalahwa, Kirumba, na santuri kwapani, akaiweka kwenye gramafoni.

"Wewe Msukuma, huyu babu anayekuitikia ulimficha wapi? Ndani ya gitaa?"

"Babu gani?"

"Sikiliza."

Sauti ilikuwa chini, nyuma ya gitaa, ikifuata maneno kwa kuchelewa kidogo. Ilikuwa ya mzee. Ndalahwa aliinua sindano. Mkewe, Dorotea, akatoka jikoni na mwiko.

"Nani kanusa ugoro humu ndani?"

Hakuna aliyekuwa na ugoro.

Ndalahwa aliijua sauti ile. Wimbo wa tatu aliachiwa na Shimba, mwimbaji wa ngoma wa Buhongwa na mnusa ugoro, ambaye alikuwa amekufa. Kwa waimbaji wa ngoma, wimbo wa marehemu hauanzi mpaka mwenyewe atajwe. Studioni kule Nairobi, Ndalahwa alianza hivyo: "Wimbo huu nimepewa na Shimba, mwana wa Ngosha, wa Buhongwa. Yeye hayupo tena. Mimi nauimba." Fundi wa mitambo akasema upande wa kwanza umejaa; ama maneno hayo yakatwe, ama wimbo mmoja uachwe.

"Yakate," Ndalahwa alisema.

Watu waliipenda santuri. Gazeti moja liliandika kwamba gitaa la umeme limepatana na ngoma ya Usukuma, likamsifu "mzee anayeitikia". Wauza samaki wa Mwaloni walimtania njiani.

"Ndalahwa! Leo babu umemwacha wapi? Bado anatafuta meno?"

Alicheka nao. Kufikia Krismasi, kicheko chake kilikuwa hakitoi sauti.

Kila baa ya jirani ilipoupiga wimbo ule, sauti yake ilimpotea. Ulipokwisha, sauti yake ilirudi ikiwa imepungua. Longino alisikiliza santuri tatu katika nyumba tatu. Kote ilikuwa vilevile: mzee alikuwa amepanda juu, Ndalahwa amekwenda nyuma.

Dorotea alienda kumwomba mwenye baa.

"Usiupige ule wimbo, kaka. Unamuua mume wangu."

"Shemeji, watu wanauomba huo huo. Mumeo ametoboa, wewe unalia?"

Januari mke na mume walikwenda Mkolani kwa Kija, mganga.

"Shikamoo, mama," alisema Dorotea.

"Marahaba. Karibuni, wote watatu."

Dorotea aligeuka. Nyuma yao mlango ulikuwa wazi, na harufu ya ugoro iliingia.

"Ulimtaja?" Kija alimuuliza Ndalahwa.

"Alimtaja, mama," Dorotea alijibu kwa sauti ya chini. "Wakamkata."

"Nani aliruhusu?"

Ndalahwa alijigusa kifua.

Kija alimwaga pombe kidogo sakafuni, akamwita Shimba, akasikiliza. "Naweza kumwomba asubiri. Kumfukuza siwezi, yeye hana kosa. Jina lirudishwe pale lilipokatwa, kwa mdomo wako mwenyewe, kabla sauti haijaisha."

Walijiandaa kwenda Nairobi kwa meli ya Kisumu. Mwanzoni mwa Februari mpaka wa Kenya ulifungwa. Bandarini, karani wa tiketi alimkatalia Dorotea dirishani.

"Hakuna meli, dada."

"Mpaka utafunguliwa lini?"

"Mimi nakatisha tiketi tu."

Tangu siku hiyo Ndalahwa alishinda ufukweni kwenye mawe, akijaribu kulitamka jina ili asilipoteze, na kila alipofungua mdomo ilitoka pumzi tu, pumzi yenye harufu ya ugoro, huku ng'ambo ya barabara baa ikiweka santuri ile ile na watu wakiitikia kiitikio, na Dorotea, aliyekuwa amemshika mkono, akiona koo la mumewe likipanda na kushuka kwa kila neno la wimbo, kana kwamba mtu aliyekuwa ndani alikuwa akiimba na kuhitaji nafasi.

Machi, Jumapili mchana, redio ilikuwa na kipindi cha salamu za wasikilizaji. Ndalahwa alikuwa kitini na kikombe cha uji. Mtangazaji alitaja wimbo wa tatu. Dorotea aliinuka kwenda kuizima redio, lakini kabla ya gitaa ilisikika sauti ya mzee, ikisema maneno ambayo hayakuwa kwenye santuri yoyote.

"Wimbo huu nimepewa na Ndalahwa, mwana wa Chenge, wa Kirumba. Yeye hayupo tena. Mimi nauimba."

Dorotea alizima redio.

"Baba," alinong'ona. "Baba, nijibu."

Uji ulikuwa umemwagika kwenye mkeka.

Ndalahwa alizikwa Jumanne. Kaburini Longino alimtaja Shimba kwanza, kisha rafiki yake. Jioni hiyo baa ya jirani iliweka santuri. Wimbo wa tatu ulikuwa na sauti moja, ya mzee.