Jora la Marehemu Dada

Mtaani walimwita Mama Kwanini. Alikuwa mshonaji, na cherehani yake ilikaa barazani, ikitazama barabara. Hakuacha jambo lipite bila kuliuliza. Ukimpelekea gauni alipunguze, atakuuliza, "Umekonda, au uliponunua hukujipima?" Mumewe alikuwa fundi redio. Alikaa meza ya pili na bisibisi zake, kimya. Alisema mke wake anauliza kwa niaba ya nyumba nzima.

Lakini siku hizo Mama Kwanini alikuwa na jambo zito. Juu ya kabati kulikuwa na jora zima la pamba nyeupe. Lilikuwa la dada yake. Dada aliugua muda mrefu, na kabla ya kufariki alimshika mkono akamwambia, "Jora langu wape wagonjwa. Lakini lifanye kazi kweli. Usiligawe ili liishe tu."

Miezi minne ilipita. Kila alipochukua mkasi, aliurudisha mezani. Kitambaa kikishakatwa ndiyo basi.

Asubuhi moja alikuja bwana mmoja, amevaa fulana ya chama cha kusaidia wagonjwa. Alibeba picha kubwa ya mtoto amelala kitandani, mguu wote bandeji.

"Mama, tazama anavyoteseka," alisema. "Toa chochote."

Machozi yakamlengalenga Mama Kwanini. "Baba watoto, niteremshie jora!"

Mume akapanda juu ya kiti. Akiwa huko juu akamsikia mkewe anauliza, "Mtoto mwenyewe yuko hospitali gani? Na kitambaa mtakifanyia nini?"

Yule bwana akakunja uso. "Mama, mtu anaumwa, wewe unaleta maswali?"

Mama Kwanini akaona aibu. Akageukia cherehani yake.

"Sasa," mume akauliza kutoka juu, "nishuke nalo au nishuke bila?"

"Shuka bila. Bwana, naomba siku mbili."

Mchana alipita jirani yao, muuguzi mstaafu. Watu wote walimwita Sista.

"Sista, hivi mimi ni mchoyo?" Mama Kwanini akamweleza yote.

Sista akavuta kiti. "Daktari asipokuuliza unaumwa wapi, atakupa dawa gani? Kutoa msaada nako ni vivyo hivyo. Picha ikikuliza, lia. Kisha futa machozi, uulize. Nyinyi ni nani, mmeandikishwa wapi? Mwaka jana mlifanya kazi gani, na nani aliiona? Mnahitaji nini hasa?"

"Na akikasirika?"

"Wengine hukasirika kwa kuwa hawajazoea kuulizwa. Usimhukumu kwa uso, ngoja jibu. Lakini asiyetaka kujibu kabisa, mwache aende zake. Kesho twende hospitali ukajionee."

Kesho yake mtunza stoo wa hospitali aliwafungulia mlango. Stoo ilijaa vitu vya msaada. Kulikuwa na magongo, yote ya watu warefu. Kulikuwa na dawa zilizopitwa na wakati. Pembeni, blanketi nzito za sufu zilipangwa hadi darini.

"Kwa nini hizi hazitumiki?" Mama Kwanini akauliza.

"Mama, nguo za wodini hufuliwa kwa maji ya moto sana. Tulijaribu blanketi moja. Ikatoka ndogo, ya kumfunika mwanasesere."

"Walioleta hawakuwauliza?"

"Hawakuuliza. Na sisi tukaona haya kusema. Tukapokea, tukapiga picha, tukashukuru."

"Haya, mimi nauliza. Mmepungukiwa nini?"

Mtunza stoo akamtazama, kisha akacheka. "Njoo wodi ya njiti."

Njiti ni watoto waliozaliwa kabla ya siku zao. Wodini mama mmoja alikaa na kichanga kifuani, ngozi kwa ngozi, amemfunga kwa kipande cha shuka kuukuu.

"Njiti hawezi kutunza joto lake," muuguzi wa wodi akaeleza. "Kifua cha mama ndicho kinampasha. Lakini hizi nguo zimechakaa. Mama akisimama, mtoto anateleza."

Yule mama hakuthubutu hata kunyoosha mgongo. Mkono wake mmoja haukubanduka kwa mwanawe.

Mama Kwanini akatoa futi yake. "Upana gani unatosha? Fundo likae wapi? Pamba nyeupe itavumilia maji yenu?"

Jioni alikata kipande kimoja tu.

"Jora zima, unakata kimoja?" mume akashangaa.

"Nikikosea, nikosee kidogo."

Na alikosea kweli. "Fundo linanichoma mgongoni nikiegemea," yule mama alisema kesho yake. Mama Kwanini akakata kingine, kirefu zaidi, fundo likakaa ubavuni. Yule mama akasimama. Akaachia mkono mmoja, kisha wa pili. Mtoto hakusogea.

"Hiki ndicho," mama akasema. Akaenda dirishani na kurudi, akaenda tena.

Siku hiyohiyo mwenye picha alirudi barazani, safari hii ana daftari.

"Niliuliza ofisini," alisema. "Chama kimeandikishwa, karatasi hizi hapa. Na yule mtoto, kumbe alipona mwaka juzi. Yuko shule."

"Amepona! Sasa mbona unatembea na maumivu yake? Lete picha yake akikimbia!"

Bwana akacheka kwa haya. "Kitambaa hatuhitaji. Tunakosa watu wa kusindikiza watoto kliniki siku ya Jumatano."

Mume akaweka bisibisi chini. "Jumatano naweza. Redio hazilii zikiachwa."

Jora lote likakatwa. Zikatoka nguo ishirini na nane. Wiki ya tatu Mama Kwanini alikwenda wodini kuona kama mishono imeshika. Alikuta yule mama wa kwanza yuko mbele ya mizani, anang'ata kidole. Muuguzi akamlaza mtoto, akasoma, akasoma tena.

"Uzito umefika," akasema. "Mnakwenda nyumbani."

Mama akamrudisha mwanawe kifuani, akamfunga. Kisha akashtuka, akaanza kulegeza fundo. "Samahani. Hii si ya hospitali?"

Mama Kwanini akamtazama muuguzi. Muuguzi akatazama nje, mawingu yamefunga.

"Usifungue," akasema. "Utairudisha akinenepa. Nje kuna baridi."